Tiketi ipi ununue ukija Dar kutazama Ligi Kuu

Wageni wengi kutoka Nairobi, Kampala na Lubumbashi wakifika Dar es Salaam huuliza swali moja: Simba na Yanga wanacheza lini? Swali zuri, ila usifunge safari kwa ajili ya dabi peke yake. Tarehe 8 Mei 2021 muda wa mechi ulisogezwa kutoka saa 11:00 jioni hadi saa 1:00 usiku, Yanga wakaja kwa muda wa awali, wakaondoka, na mechi ikaahirishwa. Tarehe 8 Machi 2025 ikaahirishwa tena, siku ileile ya mchezo, ikaja kuchezwa Juni 25. Mwenye nauli ya ndege ya kurudi kesho yake hana wa kumlilia.

Kwa hiyo tafuta kwanza mechi ya kawaida ya mmoja wao nyumbani. Dabi ikiangukia kwenye safari yako, hiyo ni bahati.

Uwanja wa Benjamin Mkapa, au "kwa Mkapa" kama tunavyosema, unabeba watu 60,000 na madaraja yake ya tiketi ni haya: VIP A, B na C, kisha Orange, kisha mzunguko, yaani viti vya kijani na bluu. Bei hutangazwa upya kila mechi. Kwa dabi, mzunguko huwa shilingi 5,000 za Tanzania au karibu yake, na ukipanda daraja bei nayo inapanda.

Namba moja: Orange. Hapa ndipo ningempeleka mgeni wangu. Unaona mpira vizuri, na bado uko katikati ya mashabiki wenyewe. Kumbuka uwanja una njia ya riadha, kwa hiyo popote ukaapo nyasi ziko mbali kidogo. Hiyo ndiyo sababu sioni maana ya kulipia zaidi.

Namba mbili: mzunguko. Kwa kelele hakuna pa kushindana napo. Hapa utamwona mzee wa Yanga akinyoosha vidole vitano kila anapopita mtu wa Simba, kumkumbusha zile 5-1 za Novemba 2023, na yule wa Simba akijibu kwa maneno ambayo sitayaandika. Ubaya wake ni kuwahi. Ukifika mpira unakaribia kuanza siku ya dabi, utakaa kwenye ngazi.

Hapa jezi nayo ina kesi. Siku ya dabi mashabiki hukaa kwa upande, nyekundu ya Simba kwao, kijani na njano ya Yanga kwao. Ndugu yangu wa Gor Mahia, hiyo kijani yako ukiingia nayo upande wa Simba utahesabiwa mtu wa Jangwani, yaani wa Yanga, na hakuna atakayesubiri maelezo. Vaa nyeupe isiyo na nembo.

Namba tatu: Azam Complex, Chamazi. Ni mbali, kule mbele ya Mbagala, na foleni ya jioni si ya mchezo. Lakini uwanja ni mdogo, hauna njia ya riadha, na unasikia kocha anavyomfokea beki wake. Kwa anayependa mpira kuliko shamrashamra, huenda hii ndiyo namba moja yake.

Namba nne: VIP B na C. Nunua ukiwa na wazee au watoto. VIP A mwachie anayelipiwa na ofisi, kumetulia mno.

Kuhusu kununua kwenyewe: kuingia ni kwa N-Card, kadi unayoiwekea salio, unakatia tiketi, kisha unaigusisha getini. Usitegemee M-Pesa ya nyumbani kwenu kulipia. Tembea na shilingi taslimu uende kwenye kituo cha mauzo, au sajili laini ya hapa kwa pasipoti yako. Klabu mwenyeji hutangaza vituo vyake siku chache kabla ya mechi. Fanya hayo mapema, maana siku ya mechi foleni ni ndefu na mtandao huelemewa.

Walanguzi wa getini sijawapa namba. Kadi anayokuuzia inaweza kuwa haina kitu, na utalijua hilo ukiwa umeshafika kwenye mashine, nyuma yako watu mia wanasukuma, naye keshapotelea upande wa Uhasibu.