Kuunga fito nyembamba kwenye kona: kuchonga nusu kwa nusu au kufunga waya?

Ukitengeneza kamlango ka banda la kuku lazima ubishane na hili. Waya ni bei chee, plaizi tu inatosha, ukilegea unaukaza tena, ila kona haikai nyuzi 90 muda mrefu na mvua ikipiga waya unashika kutu. Nusu kwa nusu, yaani kila ufito unachongwa nusu ya unene wake ili zilaliane, inataka msumeno wa meno madogo na patasi kali, maana kwenye fito za inchi 1 unatoa nusu inchi kwa kila ufito na ukizidisha kidogo unakatika palepale, halafu gundi nyeupe, unaibana mpaka kesho, ikikauka haichezi kabisa. Gundi hiyo haipendi maji, kwa hiyo nje upake rangi. Msumari peke yake? Utapasua mbao bure. Fremu ya wavu wa dirisha chonga, vichanja vya nyanya vya msimu mmoja funga waya.