Mashine ya kupimia gari: miezi 14 na gari la kifahari lililotumika

Anayenunua gari la kifahari lililokwisha kutumika hulipa bei iliyoshuka sana, lakini vipuri vya gari hilo havikushuka pamoja nalo, na ndiyo maana hitilafu inayowahiwa mapema humwokolea fedha nyingi kuliko punguzo lolote alilopata kwa muuzaji. Langu lilikuwa na umri wa miaka 9 na lilikuwa limetembea kilomita 142,000 nilipokabidhiwa ufunguo. Kabla sijabadilisha hata mafuta ya injini nilinunua mashine ya kupimia gari, ile ya kushika mkononi yenye kioo na waya wake, inayosoma hitilafu zilizorekodiwa na kompyuta za gari, na haya ni maoni yangu baada ya kuitumia kwa miezi 14.

Nilianza, kwa kubana matumizi, na kile kidude cha bei rahisi kinachochomekwa chini ya usukani na kusomwa kwa simu. Tundu lenye pini 16 linalotumika kwa kazi hiyo limekuwa la lazima kwa magari yanayouzwa Marekani tangu matoleo ya mwaka 1996, na katika Umoja wa Ulaya kwa magari ya petroli tangu 2001. Hata hivyo, sheria hizo zilikusudia kudhibiti moshi, kwa hiyo lugha ya pamoja ambayo watengenezaji wote wanalazimika kuifuata inahusu hasa injini na yale yanayogusa uchomaji wa mafuta. Gari la kifahari lina kompyuta nyingine nyingi ndogo, ya giaboksi, ya breki, ya springi za hewa, ya viti na hata ya kila mlango, na kidude changu hakikuwa na habari nazo. Kiliniambia gari ni zima huku kila asubuhi nikilikuta limeinama upande wa mbele kulia.

Mashine kubwa ilipochomekwa ilizitambua moduli 31, yaani hizo kompyuta ndogo, na kuniorodheshea misimbo 17 ya hitilafu, yaani alama ambazo moduli hurekodi zinapoona tatizo, na nakiri kwamba usiku huo sikulala vizuri. Kumbe sehemu kubwa ya orodha ile ilitokana na kitu kimoja. Nilipima betri baada ya gari kulala usiku kucha nikakuta volti 12.1, ilhali betri iliyojaa husoma karibu 12.6. Umeme ukipungua wakati wa kuwasha injini, moduli hukosa mawasiliano kwa nukta chache na kila moja hurekodi malalamiko yake. Nilifunga betri mpya, nikafuta kumbukumbu, na misimbo 11 haikurudi tena. Hapo ndipo mashine iliponifaa kwa mara ya pili, kwa sababu magari mengi ya aina hii huhitaji kuarifiwa kwamba betri imebadilishwa ili yasiendelee kuichaji kana kwamba ni ile iliyochoka. Kazi hiyo, ambayo gereji hutoza kama huduma kamili, niliifanya kwa dakika tatu.

Kuhusu springi ya hewa, msimbo ulisema kompresa, yaani pampu inayoijaza hewa, imefanya kazi kupita muda wake. Fundi wa kwanza niliyemwonyesha alitaka tununue kompresa, na kama ningemfuata ningeinunua mara mbili. Sensa ilikuwa imeona matokeo tu. Nilinyunyizia maji ya sabuni kwenye mpira wa springi nikaona mapovu yakitoka kwenye mikunjo yake, na kwa hakika kompresa ilikuwa ikihangaika kufidia hewa inayovuja, hali ambayo ikiachwa huiunguza. Tulibadilisha springi, na kompresa ya zamani inafanya kazi hadi leo. Mwenye kununua mashine hii akidhani kwamba msimbo ni jina la kipuri cha kununua atatumia fedha nyingi kuliko asiye nayo kabisa.

Thamani yake kubwa zaidi, kwa maoni yangu, haimo kwenye misimbo bali kwenye takwimu zinazoonekana gari likiwa linatembea. Mshale wa joto kwenye dashibodi ya magari mengi ya kisasa umetengenezwa ubaki katikati hata joto lenyewe likipanda na kushuka kwa kiasi kikubwa, ili dereva asipate wasiwasi. Wangu ulikuwa katikati kabisa, lakini mashine ilionyesha maji ya rejeta yakiwa nyuzi 74 baada ya mwendo wa saa nzima, wakati injini hii inapaswa kuzidi 90. Themostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, ilikuwa imekwama ikiwa wazi. Injini inayokaa baridi hunywa mafuta zaidi, na unyevu na petroli vinavyopenya kwenye oili havipati joto la kuvikausha, kwa hiyo oili huharibika kabla ya wakati wake.

Giaboksi ilinipa somo jingine. Watengenezaji wengi wa magari huandika kwamba mafuta yake ni ya maisha yote, bila kueleza ni maisha ya nani, ilhali kampuni ya ZF, inayotengeneza giaboksi nyingi za magari haya, inapendekeza yabadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000 au baada ya miaka 8. Yangu yalikuwa bado ya kiwandani. Kiwango cha mafuta mapya hupimwa injini ikiwa inawaka na mafuta yakiwa kati ya nyuzi 30 na 50, na joto hilo huwezi kulijua kwa kugusa sampu, yaani bakuli la mafuta chini ya giaboksi; fundi alifuata namba kwenye kioo changu mpaka mwisho wa kazi.

Mashine haioni kila kitu. Haitakuambia kwamba mafuta ya breki yamefyonza unyevu na yanafaa kubadilishwa baada ya miaka miwili, wala kwamba mifereji ya kutolea maji ya dirisha la paa imeziba, wala kwamba bushi zimepasuka au matairi yenye kina kizuri yamezeeka. Kwa hayo bado nilihitaji tochi, jeki na fundi mwenye subira.

Mashine yenyewe ina dosari zake pia. Kupima moduli zote huchukua dakika 12, maelezo ya misimbo yametafsiriwa kwa uzembe, na nilipoisahau ikiwa imechomekwa kwa siku tatu ilizuia baadhi ya moduli kulala, nusura iiue betri ile mpya. Sehemu ya kubadilisha mipangilio ya moduli sijaigusa na sina mpango wa kuigusa. Ningeipa nyota nne kati ya tano. Masasisho ya bure yanakoma baada ya miaka miwili, kisha kila mwaka hulipiwa. Nitalipia mwaka mmoja zaidi, kwa kuwa msimbo mmoja wa moduli ya breki umeanza kujitokeza asubuhi za mvua na bado sijaupatia chanzo.