Kisanduku cha kondomu za bure Mombasa: nyota tano kwa wazo, mbili kwa ujazaji

Kwa baa, gesti na vituo vya malori kuanzia Changamwe hadi Bamburi, hakuna huduma ya kinga iliyo nyepesi kama kisanduku cha ukutani. Hakuna foleni wala jina kuandikwa, na saa saba usiku, zahanati ikiwa imefungwa, chenyewe kipo. Ila mara nyingi ni kitupu.

Shida iko kwenye leja. Boksi moja lina kondomu 144. Tuseme gesti imepewa maboksi 3, yaani kondomu 432, zikaisha siku ya 9. Mwisho wa mwezi stoo huandika “matumizi 432” na kuleta maboksi 3 mengine. Siku 21 za ukavu zimehesabiwa kana kwamba hakuna aliyehitaji. Hesabu ya haki ni 432 gawanya kwa 9, zidisha kwa 30: kondomu 1,440, maboksi 10. Huku nyuma, kituo kinachomaliza boksi moja kwa mwezi kinapokea yaleyale 3, maana mgao wa sawa kwa sawa hauleti ugomvi mkutanoni.

Dawa yake ni kadi na penseli ndani ya mlango wa kisanduku. Mtu wa kaunta aandike tarehe kondomu zilipokwisha. Tarehe hiyo ikikosekana, anayepanga mgao anabahatisha tu.

Kisanduku chenyewe ni imara, bora kisifungwe ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Chuma hugeuka jiko, na joto la muda mrefu huharibu lateksi, yaani mpira wa kondomu. Ukumbi wa kwenda chooni unafaa zaidi, tena uko mbali na macho ya kaunta. Pakiti zikatwe mojamoja kabla ya kupakia. Ukiingiza utepe mzima hukwama mdomoni, mtu huvuta kwa nguvu, foili hupasuka. Stoo nayo, kwa unyevu wa Pwani, katoni zikae sentimita 10 juu ya sakafu na 30 kutoka ukutani, zinazokaribia kuisha muda zitoke kwanza.

Pengo kubwa ni vilainishi vya maji, yaani jeli isiyo na mafuta ya kupunguza msuguano wakati wa ngono. Visipowekwa pamoja na kondomu, chupa ya mafuta ya nazi haiko mbali, na mafuta hudhoofisha lateksi ndani ya dakika chache.