Kituo cha akina mama Mwanjelwa: udhamini umeipita cherehani

Kituo ninachokitathmini kipo jirani na soko la Mwanjelwa, jijini Mbeya, na kinapokea wanawake ambao familia zao zimehamia hapa kutoka kwingine: mabinti wa Makete walioitwa kusaidia kwenye maduka ya ndugu zao, wake wa wafugaji walioondoka bonde la Usangu, wajane waliokulia katika kambi za mashamba ya chai ya Mufindi, na wachache waliovuka mto Songwe kutoka upande wa Malawi. Sikitaji kwa jina kwa kuwa nitakikosoa. Mpwa wangu amepitia hapo, nami kama mlezi wake nimehudhuria vikao vya wazazi vya kutosha kuweza kusema ninachokisema.

Kinachotangazwa kwenye bango la mlangoni ni ushonaji, ususi, upishi na kompyuta. Ushonaji unafundishwa vizuri, vyerehani vingi ni vizima na mwalimu ana subira, ila wanafunzi hushonea sare za shule mwaka mzima katika soko ambalo tayari limejaa mafundi wa sare. Kuhusu kompyuta sina la kusema zaidi ya kwamba mashine ni chache.

Thamani ya kituo haijaandikwa kwenye bango: ni kumdhamini mwanamke asiyefahamika mtaani. Mwanamke aliyezaliwa mtaani anafahamika kwa mjumbe tangu utoto wake, kwa hiyo barua ya utambulisho kwake ni jambo la asubuhi moja. Mpangaji aliyefika juzi huulizwa anatoka wapi, amefikia kwa nani na nani anamjua, kisha huambiwa arudi wiki ijayo. Bila barua hiyo, namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, inachelewa. Bila namba hiyo, hasajili laini ya simu kwa jina lake, hafungui akaunti, wala hawezi kuingia katika kikundi kinachoomba mkopo wa halmashauri. Na mkopo huo si maneno ya jukwaani. Kwa mujibu wa Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kama ilivyorekebishwa mwaka 2018, kila halmashauri inapaswa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, na mikopo hiyo haina riba. Ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Fedha hizo zipo, lakini mwanamke mgeni zinampita kwa sababu hana wa kumsemea.

Hapo ndipo kituo kinapostahili sifa zote. Mama mlezi wa kituo huongozana na mwanachama hadi kwa mwenyekiti wa mtaa, na nimemshuhudia akikaa kwenye benchi la ofisi ya kata mpaka karatasi ikatiwa saini. Mwanachama mpya huingizwa kwenye kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopeshana, kwa hisa ndogo, naye hujenga historia ya marejesho mbele ya wenzake. Vikoba vyenyewe vimesajiliwa, kama inavyotakiwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na afisa maendeleo ya jamii anavifahamu. Wale wa kutoka Malawi huambiwa ukweli, kwamba mkopo wa halmashauri ni wa raia, nao huelekezwa Uhamiaji kuweka sawa vibali vyao badala ya kufundishwa kujificha nyuma ya jina la jirani. Ushauri wa namna hii sikuutarajia mahali palipoanza na cherehani.

Jambo la pili la kusifiwa ni urasimishaji wa ujuzi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, huwapima na kuwapa vyeti watu waliojifunza kazi nje ya darasa, lakini mama lishe wengi hawajui kama mlango huo upo. Mpwa wangu alikuwa amepika kibandani Makambako kwa miaka. Kituo kikamwandalia maombi, akapimwa, akapata cheti, na sasa yupo jikoni katika hoteli moja mjini.

Kasoro zipo, na baadhi ni nzito. Hakuna sehemu ya watoto, na mwezi Juni au Julai, kwa baridi ya Mbeya, mama hawezi kumlaza mtoto kwenye saruji akasikiliza somo. Vipindi vya asubuhi vinagongana na saa ambazo wauza viazi na mboga wanapata wateja. Wapo wakalimani wa Kinyakyusa na Kikinga, lakini wanawake wa Kisukuma kutoka Usangu, ambao baadhi yao Kiswahili ni kigumu kwao, wanabaki wakitazama midomo ya wenzao.

Lililonikera kuliko yote ni orodha ya «ajira» inayobandikwa ukutani, ambayo kwa sehemu kubwa ni nafasi za kazi za ndani, hapa na Dar es Salaam. Kazi hiyo ina heshima yake, ila mabinti wa nyanda hizi wamekwisha kupelekwa mjini kwa ahadi za mdomo kwa muda mrefu mno. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi, na amri ya kima cha chini cha mshahara inawataja pia wafanyakazi wa majumbani. Nilipouliza kikaoni kwa nini kituo hakidai mkataba kabla ya kumkabidhi binti, nilijibiwa kwamba waajiri watakimbia. Na wakimbie, asiyetaka kutia saini asipewe hata namba ya simu ya binti wa watu.