TAHADHARI: Kuna jamaa anauza giaboksi za Beetle "zimefanyiwa ovaholi" hapa Dar, soma kabla hujatuma hela

Wakuu habari. Kama una Volkswagen ya zamani, ile mgongo wa kobe, na unatafuta giaboksi, usimtumie mtu hata mia kabla hujasoma hii.

Yangu ni ya 1966, ekseli za swingi, yaani zile za nyuma zinazopanda na kushuka kutokea kwenye giaboksi. Gia ya pili ilikuwa inaruka kila nikiachia mafuta kwenye miteremko ya Kimara. Spea zake mnajua zilivyo, Mexico waliacha kuitengeneza 2003 na ukiulizia Gerezani wanakuangalia kama umeulizia spea za meli. Ndo nikamuona huyu jamaa mtandaoni, giaboksi imepigwa rangi ya silva inang'aa, "mkuu hii imetoka kwenye Beetle, ovaholi tayari, unafunga unaondoka". Laki sita na nusu. Nikamwambia nije dukani, akasema duka linahamishwa, tukutane Tazara anakuja nayo na bajaji, tena nifanye haraka kuna mteja wa Morogoro anaitaka. Hapo ndo nilitakiwa nishtuke, sikushtuka, nikatuma hela pale pale, risiti hamna.

Kwa wasiojua, kwenye hii gari giaboksi haishuki mpaka injini itoke. Unachomoa waya, kebo ya mafuta, unaziba mpira wa petroli, bolti nne, jeki chini, unaivuta nyuma taratibu mpaka shafti iachie klachi, na ni kilo zaidi ya 100 hiyo. Halafu chini ya siti ya nyuma kuna kifuniko kidogo, ndani kuna kiungo cha fimbo ya gia, ukikisahau hicho utaivuta giaboksi mpaka jua lizame. Mimi na fundi wangu, mzee mmoja wa Ilala, tulianza saa moja asubuhi tukamaliza adhana ya magharibi.

Tukawasha. Gia ya kwanza, naachia klachi, gari ikarudi nyuma ikagonga pipa la maji la mama ntilie. Nikajua nimekosea gia. Ya pili, nyuma. Ya tatu, nyuma. Naweka rivasi, gari hiyoo inaenda mbele! Mama ntilie alicheka kwanza ndo akaanza kudai pipa lake.

Mzee akakaa juu ya tairi akasema kijana, umeuziwa ya Kombi. Zile Kombi za zamani, vibasi vya Volkswagen, kabla ya toleo la 1968, zina gia za ziada kwenye magurudumu ya nyuma zinazogeuza mzunguko, kwa hiyo krauni ndani, ile gia kubwa inayozungusha ekseli, imefungwa upande wa pili. Mtu akiivalisha ekseli za Beetle unapata gia nne za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele.

Mpaka hapo nilikuwa tayari kumsamehe, labda na yeye kauziwa hivyo hivyo, na krauni inageuzika. Nikampigia, akaniambia "fundi wako hajui kufunga". Kesho yake tukashusha tena tukamwaga oili, ukatoka uji. Maranda ya mbao wakuu, yamekorogwa na grisi ili meno yasipige kelele! Pulagi ya chini ina sumaku, ilikuwa imeota ndevu za chuma, na katikati kipande cha jino saizi ya punje ya mahindi. Huyo hajakosea, huyo kapika. Nikamtumia picha, akanibloku.

Jana nimeona tangazo lingine, namba nyingine, giaboksi ya silva iko juu ya vigae vile vile vya bluu.

Kwa hiyo kabla ya kulipa fungua ile pulagi ya chini, inataka alenkii (spana ya pembe sita) ya milimita 17, uone oili na sumaku. Halafu weka gia ya kwanza, simama upande wa injini, zungusha shafti kwa mkono kama saa inavyozunguka, ekseli juu ziende kuelekea pua ya giaboksi. Zikirudi kwako ni ya Kombi. Muuzaji akikukatalia kufungua pulagi, muage.

RB ya polisi nimeshachukua, kama na wewe kakupiga njoo inbox tuunganishe. Na mwenye giaboksi nzima ya swingi anicheki, alenkii nakuja nayo mwenyewe. Pipa la mama ntilie nimelipa elfu 25.