Mkopo binafsi wa miezi 6, Mwanga, Kigoma: riba ni asilimia 3.5, lakini ya nini?

Ofisi hii ndogo ya mikopo iliyopo Mwanga inastahili sifa kwa jambo moja ambalo wengi hawalifanyi. Kabla hujasaini, unapewa jedwali la marejesho kwenye karatasi, kwa Kiswahili, lenye tarehe na kiasi cha kila rejesho. Kwa mji ambao kausha damu, yaani mikopo ya mitaani ya riba kali, zinakopesha kwa mdomo na kadi ya benki ya mkopaji ikibaki mkononi mwao, hiyo ni hatua kubwa. Leseni ya daraja la pili, ya wakopeshaji wasiopokea amana, kutoka Benki Kuu, inayotakiwa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, imebandikwa ukutani. Isome, uone kama jina lililoandikwa humo ndilo lililo kwenye mkataba.

Sasa hesabu. Bidhaa wanayoiuza zaidi ni mkopo wa shilingi 1,200,000 kwa miezi 6, riba asilimia 3.5 kwa mwezi. Hii ni riba rahisi: deni la msingi mara kiwango mara muda. 1,200,000 × 0.035 × 6 = 252,000. Jumla ya kurejesha ni 1,452,000, yaani 242,000 kila mwezi. Jedwali lao liko sahihi hadi shilingi ya mwisho.

Kiwango na muda lazima viwe vya kipimo kimoja, na hapo ndipo wakopaji wengi wanapoteleza. Ukiambiwa asilimia 42 kwa mwaka, muda wako ni 0.5, si 6. Jibu litakuwa lilelile, 252,000. Ukizidisha 42 kwa 6 utapata riba ya zaidi ya milioni tatu na kukimbia bure.

Kasoro kubwa iko kwenye kile ambacho hiyo asilimia 3.5 inapigiwa. Hapa inapigwa juu ya 1,200,000 yote kila mwezi, hata mwezi wa sita ambapo umebakiza 200,000 tu ya deni la msingi. Kama wangetoza riba kwenye salio linalopungua, kwa kiwango hichohicho, mwezi wa kwanza ungelipa riba ya 42,000, wa pili 35,000, kisha 28,000, 21,000, 14,000 na 7,000. Jumla 147,000. Tofauti ni 105,000, na hiyo ni ada ya shule na sare za watoto. Wastani wa deni la msingi ulilokaa nalo miezi hiyo sita ni 700,000, kwa hiyo 252,000 ni sawa na asilimia 6 kwa mwezi ya pesa uliyokuwa nayo kweli. Afisa mikopo ukimuuliza anajibu bila kuficha, lakini tangazo la mlangoni halisemi.

Makato ya mwanzo nayo yahesabiwe. Ada ya mkopo asilimia 2 ni 24,000, bima asilimia 1 ni 12,000. Zote zinakatwa kabla hujashika pesa. Mkononi unapokea 1,164,000, lakini riba inahesabiwa juu ya 1,200,000. Gharama kamili ya mkopo ni 288,000.

Anayechagua kulipa kila wiki aangalie zaidi. Wao wanahesabu mwezi kuwa wiki 4, hivyo marejesho ni 24 ya 60,500. Wiki 24 ni siku 168, ilhali miezi 6 ya kalenda ni kama siku 182. Umelipa riba ya miezi sita kamili na pesa umezirudisha wiki mbili mapema. Chagua kulipa kwa mwezi.

Kwa mwalimu au muuguzi mwenye mshahara, mkopo huu unabebeka. Kwa mama wa dagaa pale Kibirizi, hapana, isipokuwa tarehe zimepangwa vizuri. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Mkopo wa katikati ya Machi ungeangusha marejesho matatu, 726,000, ndani ya kipindi ambacho mtumbwi hauingii majini. Ofisi inakubali kuahirisha, ila riba ya 42,000 inaendelea kila mwezi: miezi mitatu, 126,000 juu ya deni. Ukichelewa bila kuomba, faini ni asilimia 1 ya rejesho kwa siku, 2,420. Siku kumi zinakula 24,200.

Kulipa mapema hakupunguzi chochote. Ukimaliza deni mwezi wa tatu bado unadaiwa riba ya miezi sita. Kipengele hicho kimeandikwa ukurasa wa pili wa mkataba kwa herufi ndogo, na ndicho cha kuomba kibadilishwe kabla ya kusaini, mdhamini wako akiwa amekaa hapo hapo anasikia.