Sigara bandia za jukwaani: puliza, usivute

Nilimwagizia muuzaji wa mtandaoni aliyeko Dar paketi tatu, zikanifikia Iringa kwa basi. Shilingi 5,000 paketi, ndani sigara mbili tu. Nazipa nyota tatu.

Igizo letu lina karani wa ushirika wa tumbaku, miaka ya 70, na karani yule bila sigara mdomoni anafanana na katekista. Onyesho la kwanza tulitumia fegi halisi. Mstari wa mbele wakaanza kukohoa, na mwenye ukumbi, pale Kihesa, akanifuata nyuma ya pazia: "Dada yangu, kesho watoto wa kipaimara wanasomea humu humu."

Basi hizi bandia. Ukiwa hatua tatu huzitambui: karatasi nyeupe, kichungi cha rangi ya chungwa, nchani foili nyekundu inayometa taa ikiipiga. Ndani kuna unga laini kama poda ya mtoto. Ukipuliza, kiwingu kinatokea nchani. Nchani, si mdomoni! Mvutaji aliyekaa karibu atakushtukia, kwa hiyo mwigizaji ageuke ubavu kidogo anapopuliza. Baada ya mipulizo mitano sita unga umekwisha, na mate yakishaingia unaganda kama ugali wa jana.

Ila balaa lenyewe ni hilo la kupuliza. Karani wetu kavuta sigara tangu ujana wake. Mazoezini alikumbuka vizuri. Siku ya onyesho akafika anaposoma barua ya kuachishwa kazi, hasira ikampanda kwelikweli, akasahau, akavuta kwa nguvu zote. Nilikuwa pembeni nimeshika pazia. Nikaona macho yanamtoka, kisha poda ikamtoka puani. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na barua ya watu haikusomwa mpaka mwisho. Sasa sehemu hiyo anacheza kijana ambaye hajawahi kuvuta, na hajakosea hata mara moja.

Muuzaji alitaka kunipa na zile za majani makavu, eti salama kwa sababu hazina nikotini. Nikotini kweli hazina, lakini zinaungua, na majani yakiungua lami na hewa ya sumu vinatoka vilevile. Mtu arudie tukio moja mara kumi kwa jioni moja ya mazoezi? Nilikataa. Ya umeme yenye taa nchani ina mvuke mzuri unaotoka mdomoni, ila bei yake ingekula nauli yetu ya Njombe.

Na Njombe ndiko tulikocheza Julai, usiku, uwanjani, kwa baridi ile mnayoijua. Kijana alishika sigara bandia iliyokwisha unga, akaishusha, akapumua tu. Wingu likamtoka mdomoni, refu, la kweli kabisa. Bibi mmoja akasema kwa sauti, "Huyu mtoto atakufa kifua." Paketi ya tatu sijaifungua hadi leo.